Profesa Aliyepewa Wizara ya Uchukuzi: Funzo kwa Vikundi Vyetu



Hivi karibuni tulialikwa kukaa na kikundi kimoja kule Matulo. Kikundi hiki kimeweka akiba kwa muda mrefu, pesa ya maziwa na ya mahindi, shilingi kwa shilingi. Sasa wanataka kununua pikapu iliyotumika, iwe inapeleka mboga na maziwa soko la Webuye, na siku za soko kubwa ifike hata Kitale. Wazo ni zuri na tuliwapongeza. Shida ilianza walipofika kwenye swali la nani atasimamia gari.

Mzee mmoja alisimama akasema, "Mbona tunasumbuka? Tuko na kijana wetu ambaye amesoma uhandisi mpaka chuo kikuu. Tumpatie kila kitu. Achague gari, ashike ufunguo, ashike pesa, aandike kitabu. Msomi hawezi kukosea." Watu wakapiga makofi. Mama mmoja wa nyuma akauliza kwa sauti ndogo, "Na akikosea, nani atajua?" Hakujibiwa, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na watu walitaka kufika nyumbani.

Swali la huyo mama hatukulisahau. Tumeona vikundi vikianguka kwa sababu walichagua mtu asiyejua kazi. Lakini pia tumeona vikundi vikianguka ilhali mtu waliyemchagua alijua kazi vizuri sana, na hata hakuwa mwizi. Kwa hiyo tumeona ni vyema mara hii tuwaeleze habari za mtu ambaye nchi nzima ilimfanyia vile mzee wa Matulo alitaka kumfanyia kijana wetu. Alikuwa profesa wa uhandisi, na akapewa wizara ya uchukuzi. Jina lake ni Mark James Mwandosya, wa nchi jirani ya Tanzania.

MTOTO WA RUNGWE

Mwandosya alizaliwa mwaka 1949 katika wilaya ya Rungwe, mkoa wa Mbeya, kusini-magharibi mwa Tanzania. Ni nchi ya milima, mvua nyingi, migomba na chai. Mtu wa Bungoma akifika huko hataona ugeni mkubwa, maana hata sisi tunaishi kati ya milima na mvua ya Mlima Elgon.

Alisoma akaenda Uingereza, katika mji wa Birmingham. Hapo alipata shahada ya kwanza ya uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Aston, kisha shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mpaka akawa profesa.

Hapa tusimame kidogo. Kitivo cha uhandisi cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1973 tu. Kabla ya hapo Mtanzania aliyetaka kuwa injinia alitafuta nafasi nje ya nchi yake. Serikali ya Ujerumani Magharibi ndiyo iliyosaidia sana kukijenga, na walimu Wajerumani walikuja kufundisha. Kwa hiyo maprofesa wenyeji wa wakati ule walikuwa wachache mno. Walikuwa wanafundisha wale ambao kesho wangeendesha mitambo ya umeme, viwanda, bandari na reli. Mtu wa namna hiyo serikali haimwachi akae darasani maisha yake yote.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliitwa kuwa Katibu Mkuu katika wizara iliyoshughulikia maji, nishati na madini. Katibu Mkuu ndiye mtendaji wa wizara. Waziri huja na kuondoka, lakini faili ziko mezani kwa Katibu Mkuu. Hapo profesa alianza kujifunza jambo ambalo halimo katika vitabu vya umeme, yaani namna maamuzi ya serikali yanavyofanywa, na namna yanavyoweza kukwama.

KYOTO: NANI ATAPIMA MOSHI?

Mwaka 1997 jina lake lilijulikana nje ya Tanzania. Mataifa yalikuwa yakijadiliana juu ya hali ya hewa ya dunia, kwamba moshi wa makaa ya mawe na mafuta unaongeza joto duniani. Nchi zinazoendelea zina umoja wao unaoitwa Kundi la 77, ulioanzishwa mwaka 1964. Siku hizi nchi wanachama ni zaidi ya 130, lakini jina halikubadilishwa. Mwaka ule Tanzania ndiyo ilikuwa mwenyekiti wa Kundi, na Profesa Mwandosya ndiye aliyeliongoza katika mazungumzo ya hali ya hewa.

Alikuwa na kazi ya kusema kwa niaba ya nchi ambazo hazifanani hata kidogo: nchi zenye visima vya mafuta, visiwa vidogo vinavyoogopa kumezwa na bahari, China yenye watu wengi, na nchi kama zetu za jembe na ng'ombe. Kuwaweka hao wote katika sauti moja si mchezo. Sisi tunashindwa hata kuwaweka watu 25 wa kikundi katika sauti moja juu ya bei ya maziwa!

Hoja moja aliyoishikilia, na ambayo baadaye aliiandikia kitabu, ni kwamba moshi si sawa. Uko moshi wa kuponea na uko moshi wa anasa. Mama wa Matulo akiwasha kuni tatu apike ugali, watoto wanakula. Mtu wa nchi tajiri akiwasha gari la tatu la nyumba yake, hakuna anayelala njaa akiliacha. Ukiwaambia hawa wawili wapunguze sawa, umemwonea mmoja.

Mkataba wa Kyoto ulipitishwa tarehe 11 Desemba 1997 huko Japani. Uliweka viwango vya kupunguza moshi kwa nchi zenye viwanda peke yake. Jambo la pili ambalo watu hulisahau ni kwamba kila nchi hiyo ilitakiwa kuhesabu moshi wake na kuandika taarifa, kisha wataalamu kutoka nchi nyingine wakaguliwe taarifa hiyo mikononi mwao. Nchi haikuachiwa ijipime na kujisifu yenyewe. Tuliweke hilo akilini, tutalirudia.

ANAINGIA WIZARANI

Mwaka 2000 alichaguliwa mbunge wa Rungwe Mashariki. Rais Benjamin Mkapa akamteua kuwa Waziri wa Mawasiliano na Uchukuzi. Alikaa hapo mpaka mwaka 2005.

Mkumbuke wizara hiyo ilikuwa na mambo gani chini yake: reli, bandari, meli za maziwa, ndege, simu na posta. Mengi ya haya yalikuwa mashirika ya serikali yenyewe. Hapo ndipo ilipokuwa shida kubwa, nayo tutaieleza kwa lugha ya nyumbani.

Tuseme kikundi kina mashine ya kusaga. Mwenyekiti ndiye mwenye kupanga bei. Mwenyekiti huyo huyo ndiye anayeangalia kama mkanda wa mashine ni salama, ndiye anayeamua kama mashine isimame itengenezwe, na malalamiko ya wateja yanapelekwa kwake. Siku mkanda unaanza kuchanika, mwenyekiti ana mioyo miwili. Moyo mmoja unasema, "Simamisha, mtu ataumia." Moyo mwingine unasema, "Leo ni siku ya soko, foleni ni ndefu, tumalize kwanza." Mara nyingi moyo wa pili ndio hushinda, hata kama mwenyekiti ni mtu mwema.

Serikali nyingi za Afrika zilikuwa hivyo. Zilimiliki gari moshi, zikaliendesha, zikapanga nauli, na zikajikagua. Tanzania ilikuwa imekwisha kuona uchungu wa usafiri usiokaguliwa barabara. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Mv Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza, na zaidi ya watu 800 wakafa. Ilikuwa imebeba watu kupita kiasi.

Mwaka 2001, Profesa Mwandosya akiwa waziri, Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya kuunda mamlaka ya kudhibiti usafiri wa nchi kavu na majini, iliyojulikana kwa kifupi SUMATRA. Mwaka 2003 ikapitishwa sheria ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ya kuangalia simu, posta na utangazaji. Wazo lilikuwa moja: anayeendesha asiwe ndiye anayejikagua. Watu wengi hawakuona uzito wake. Sheria haina kelele kama barabara mpya ya lami. Lakini ukiuliza profesa aliacha nini katika wizara ile, sisi tungesema hilo ndilo la maana zaidi.

Lakini kati ya sheria kuandikwa na sheria kufanya kazi kuna safari. SUMATRA iliandikwa mwaka 2001, ikaanza kazi mwaka 2004. Katikati ya miaka hiyo kukatokea Igandu.

IGANDU

Reli ya Kati ya Tanzania ilijengwa na Wajerumani wakati wa utawala wao. Walianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Kigoma mwaka 1914. Inatoka pwani penye joto, inapanda milima, inafika Dodoma, inaendelea bara. Igandu ni stesheni ndogo katika mkoa wa Dodoma, mahali pa miinuko na miteremko.

Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilikuwa inapanda huko ikielekea bara. Ilibeba watu zaidi ya 1,000. Ikapata hitilafu ya breki, ikasimama. Kisha ikaanza kurudi nyuma kwenye mteremko. Mwendo ukaongezeka, mabehewa yakakimbia bila kushikika, yakaenda kugonga treni ya mizigo iliyokuwa nyuma katika reli hiyo hiyo. Watu 281 walikufa na mamia wakaumia. Ni moja ya ajali mbaya kabisa za reli katika Afrika.

Tueleze kidogo kwa nini treni ni hatari hivyo kwenye mlima. Gurudumu la treni ni chuma, na reli ni chuma. Chuma juu ya chuma huteleza upesi. Ndiyo sababu injini moja inaweza kuvuta mabehewa ishirini, kazi ambayo lori haliwezi barabarani. Lakini hicho kinachorahisisha kuvuta ndicho kinachofanya iwe vigumu kusimamisha. Lori likizimika kwenye mlima, raba inashika lami kidogo, na turniboi anakimbia na jiwe. Treni ina uzito wa mamia ya tani. Ikishaanza kurudi, kila hatua inaongeza mwendo, na kila mwendo ukiongezeka breki inahitaji nguvu zaidi. Dakika chache za kwanza ndizo za wokovu. Zikipita, hakuna jiwe wala mkono wa mtu unaoweza kitu.

Kwa hiyo usalama wa treni haufanywi mlimani. Unafanywa kabla haijaondoka: breki za kila behewa zijaribiwe, mtu aweke sahihi, na mtu huyo awe na uwezo wa kusema, "Haiondoki." Ukisubiri mlimani umechelewa. Waswahili walisema, udongo upate ungali maji.

Sasa fikirini. Waziri wa uchukuzi siku ile alikuwa profesa wa uhandisi. Kama kuna mtu katika baraza lote la mawaziri aliyeelewa nguvu, uzito na mteremko, ni yeye. Je, elimu yake ilizuia treni? Haikuzuia. Hatusemi hivyo kumlaumu. Waziri hakai kwenye injini, wala hajaribu breki stesheni. Tunasema kwa sababu ndipo lilipo jibu kwa mzee wetu wa Matulo. Elimu ya mtu mmoja aliye juu haishuki yenyewe mpaka kwenye gurudumu. Inahitaji watu wa katikati, kila mmoja na kazi yake, na mkaguzi ambaye hamwogopi mwenye gari. Mlima haujali cheo.

Na shirika la reli lenyewe lilikuwa la serikali, chini ya wizara ile ile. Sheria ya mkaguzi wa nje ilikuwa karatasini, ofisi haijaanza. Hakuna mtu anayeweza kusema kwamba ofisi ile ingekuwa wazi Igandu isingetokea. Lakini kila mtu anaweza kuona hatari ya kuchelewa.

Tusidhani haya ni ya Tanzania tu. Sisi Wakenya tunakumbuka Ngai Ndeithya, Januari 1993, mafuriko yalipobomoa daraja na treni ya Mombasa ikatumbukia usiku. Zaidi ya watu 100 walikufa. Na kila mtu anayesafiri kutoka Webuye kwenda Kitale au Malaba ameshaona lori limelala kando ya barabara, matairi juu.

WENGINE WALIFANYAJE?

Ni vizuri kulinganisha, ili tusimpime mtu mmoja peke yake.

Ujerumani nako alikuwako mtu wa namna hii, Günther Krause. Alizaliwa mwaka 1953 katika Ujerumani Mashariki, akasomea uhandisi, akafundisha chuoni katika mji wa Wismar. Ukuta wa Berlin ulipoanguka aliingia siasa. Mwaka 1990 ndiye aliyesimama upande wa Mashariki kujadili mkataba wa kuunganisha Ujerumani mbili. Mwaka 1991 akawa Waziri wa Uchukuzi wa nchi nzima, na serikali ikapanga miradi mikubwa 17 ya reli, barabara na njia za maji kuunganisha pande mbili zilizotengana kwa miaka 40. Kazi kubwa! Lakini mwaka 1993 alijiuzulu. Kulikuwa na malalamiko kadhaa, na moja lililosemwa sana ni kwamba pesa za umma zilisaidia kulipa mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani kwake. Yaani mtu alibeba mizigo ya mataifa mawili, akajikwaa kwenye jiwe dogo la mlangoni. Hakuna shahada inayomlinda mtu na jiwe hilo. Kitabu cha hesabu kilicho wazi ndicho kinachomlinda.

Kenya nayo ilipata John Michuki mwaka 2003. Yeye hakuwa injinia wala profesa. Alikuwa mtu wa utawala na wa benki. Sheria alizozitoa zilianza kazi tarehe 1 Februari 2004. Matatu zilitakiwa kuwa na mikanda, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano, na dereva na makanga wenye sare. Wale mnaokumbuka, matatu zilikaa nyumbani siku hizo na watu wakatembea kwa miguu. Lakini baadaye tulikaa kwenye kiti, mtu mmoja kiti kimoja. Lo, ilikuwa raha! Kisha Michuki akahamishwa wizara, na polepole mikanda ikachafuka, vidhibiti vikafunguliwa, abiria wakaanza kukaa juu ya mbao. Sheria ilikuwa imemtegemea mtu mmoja mkali. Alipoondoka, ukali uliondoka naye. Mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2012, mwaka huo huo ambao Mzee Michuki alifariki.

Kwa hiyo tuna watu watatu. Wa kwanza alikuwa na elimu na akajenga ofisi za ukaguzi, lakini ofisi ilichelewa kuanza. Wa pili alikuwa na elimu na kazi kubwa, lakini hesabu za nyumbani zikamwangusha. Wa tatu hakuwa na elimu ya magari, lakini alikuwa na msimamo. Shida ni kwamba msimamo haukubaki baada yake. Hakuna hata mmoja wa kudharau, na kwa kila mmoja kuna la kuchukua.

BAADA YA WIZARA

Tumalizie habari za Mwandosya. Si kila jambo la wakati wake lilifaulu. Mwaka 2002 Tanzania iliuza asilimia 49 ya shirika lake la ndege kwa shirika la ndege la Afrika Kusini, kwa matumaini makubwa. Mwaka 2006 ushirika huo ulivunjika, na serikali ikazichukua tena hisa zake. Hata wasomi huingia ubia mbaya. Vikundi vinavyotafutwa na "wafadhili" na "wabia" wakumbuke hilo kabla ya kutia sahihi.

Mwaka 2005 aliomba kuteuliwa na chama chake, CCM, kugombea urais. Alifika katika watatu wa mwisho pamoja na Jakaya Kikwete na Salim Ahmed Salim, akawa wa tatu. Kikwete akateuliwa, akawa rais. Wengine wakishindwa huvunja kikundi, nanyi mnajua tunasema nini. Yeye aliendelea na kazi. Alikuwa waziri wa mazingira katika Ofisi ya Makamu wa Rais, na kuanzia mwaka 2008 Waziri wa Maji na Umwagiliaji. Aliachana na ubunge mwaka 2015.

Baadaye aliteuliwa Mwenyekiti wa Bodi ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji nchini Tanzania. Mtu aliyewahi kuwa upande wa wenye kuendesha akahamia upande wa wenye kukagua. Nayo SUMATRA haiko tena kwa jina hilo. Tangu mwaka 2019 usafiri wa ardhini unaangaliwa na LATRA, na wa majini una chombo chake, TASAC. Majina yamebadilika, lakini wazo la kutenganisha mwendeshaji na mkaguzi limebaki. Ndiyo alama ya kazi iliyojengwa vizuri: inaendelea hata mwenyewe akiwa hayupo.

TURUDI MATULO

Tulirudi kwa kile kikundi tukawaeleza habari hizi kama tulivyowaeleza nyinyi. Yule kijana injinia alikuwepo. Tuliogopa kidogo kwamba ataona tunamshuku. Lakini ndiye aliyesema kwanza: "Mimi sitaki kushika pesa. Mkinipa kila kitu, siku gari likiharibika mtasema nimekula. Nipeni kazi moja niifanye vizuri."

Wakakaa wakagawa kazi hivi. Injinia atakagua pikapu kila Jumatatu asubuhi: breki, matairi, usukani, taa. Ataandika katika daftari na kutia sahihi. Akisema gari lisimame, litasimama, hata kama ni siku ya soko na nyanya zinaoza. Hata mwenyekiti hawezi kulitoa. Dereva atatoka nje ya familia ya injinia na ya mwenyekiti. Mweka hazina atapokea pesa jioni kwa risiti. Na watu wawili ambao hawana cheo chochote watasoma vitabu vyote viwili, cha gari na cha pesa, mbele ya mkutano kila mwisho wa mwezi.

Mama aliyeuliza swali siku ya kwanza alichaguliwa kuwa mmoja wa hao wawili. Alisema hajasoma sana. Tukamwambia kuhesabu anajua, na kuuliza anajua, hiyo inatosha.

Mzee naye hakukataa. Alisema tu, "Basi elimu ya kijana wetu itakuwa kwenye breki, si kwenye mfuko." Nasi hatukuweza kusema vizuri zaidi ya hapo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, ni nani anayefanya kazi na kujikagua mwenyewe? Tutaigawaje kazi hiyo bila kumvunjia heshima?

2. Tuna sheria gani tuliyoiandika lakini haijaanza kufanya kazi? Tunangoja nini?

3. Kama kiongozi wetu mkali na mwaminifu akihama kesho, ni jambo gani litabaki?

4. Ajali kubwa ikitokea chini ya kiongozi ambaye hakuwa mahali pale, je, awajibike kwa kuondoka, au abaki arekebishe? Mjadiliane kwa upole, maana watu wema wana maoni tofauti juu ya hili.

5. Ni nani kati yetu ana haki ya kusema, "Gari haliondoki," na sisi tukamsikia?

Kikundi chenye majibu mazuri kimwandikie katibu wa maendeleo wa parokia, au tukutane kwenye semina ya viongozi. Tungependa wengine wajifunze kutoka kwenu.